Uzi: Miji ya baharini ya Bretagne, Ufaransa. Tuanze na bamvua, ukuta utauona baadaye

#1 Kasa wa Tongoni

Wakuu, salaam. Na wakubwa zangu, shikamooni.

Ahadi ni deni. Niliandika kwenye uzi wa mtu mwingine kwamba wakitokea hata watatu wanaotaka habari za miji ya baharini ya Ufaransa, nitafungua wangu. Wametokea wanne, mmoja anataka kujua bei ya tiketi tu. Inatosha.

Niseme mapema: sitazungumzia Nice wala Cannes. Huko wameandika wengi, na kwa mshahara wangu huwa napaona dirishani mwa treni. Mimi naishi Rennes, mji mkuu wa Bretagne, ile pembe ya Ufaransa iliyochomoza kwenye Atlantiki kama pua. Rennes yenyewe haina bahari, lakini ukipanda treni, hata saa haijatimia umeshuka Saint-Malo. Kwa mtoto wa Tanga aliyekwama bara miaka sita, hiyo ni dawa.

Mara ya kwanza nilikwenda kuona ukuta. Kila picha ya Saint-Malo ni ukuta, mji mzima umefungwa ndani ya mawe kama ngome. Nilifika asubuhi. Mbele ya ukuta kuna kisiwa kidogo, Grand Bé, na njia ya mawe inayokwenda mpaka huko, kavu kabisa, watoto wanakimbizana juu yake. Nikavuka. Kule juu amezikwa mwandishi Chateaubriand tangu 1848: jiwe na msalaba, hata jina halikuandikwa, kwa sababu alitaka alale akisikia bahari na upepo tu. Nikakaa, nikala mkate wangu, nikasinzia kidogo. Mtoto wa pwani mimi, bahari ya Wazungu itanifanya nini?

Niliposhuka, njia haipo. Sisemi imelowa, haipo. Maji yanapita juu yake kwa kasi kama mto Pangani wakati wa masika. Mzee mmoja mwenye mshipi wa kuvulia, ambaye yeye alibaki kwa hiari yake, akanionyesha bango nililolipita bila kulisoma: ukichelewa usivuke, ngoja maji yapwe. Nikangoja mpaka jioni, na koti jepesi, mwezi wa tatu.

Kosa ni langu. Niliipima bahari ile kwa pishi ya nyumbani. Kwetu bamvua kubwa maji hupanda na kushuka mita nne hivi. Saint-Malo bamvua la mwezi wa tatu au wa tisa hupita mita 12. Chukua jengo la ghorofa nne, lizamishe, litoe, lizamishe tena, siku hiyohiyo. Tangu siku ile nikaacha kuangalia mawe, nikaanza kuangalia maji na watu waliofanya kazi humo. Uzi huu ni wa hayo.

Nitaendelea usiku, naingia zamu.

#2 Kahawa Chungu

Nimetandika mkeka. Yaani Kasa umelala kisiwani kama kasa kweli 😂

#3 Bi Mwanakheri

Mwanangu, mita 12? Huku kwetu Nungwi bamvua la mwezi mpevu mashua zikilala ubavu mchangani twaona maji yamekwenda Bara Hindi. Sasa hao vyombo vyao wanavifunga wapi? Kamba ikiwa fupi si chombo kitaning'inia ukutani kama ndoo ya kisimani?

#4 Kasa wa Tongoni

Bi Mwanakheri, shikamoo. Umeuliza swali lenyewe.

Kwa karne nyingi vyombo vyao vililala ubavu vilevile, kwenye tope chini ya ukuta. Na meli yenye shehena ikilala kwenye tope, mwizi haitaji mtumbwi, anatembea kwa miguu. Ndiyo maana Saint-Malo walifuga mbwa wa ulinzi, majibwa hasa. Usiku malango yakifungwa wanaachiwa ufukweni, alfajiri wanaitwa kwa baragumu. Mambo yakaenda hivyo mpaka 1770, usiku mmoja mbwa walipomrarua ofisa kijana wa jeshi la majini. Hapo ndipo mbwa walipoondolewa. Siku hizi kuna mabwawa yenye malango: maji yakijaa lango linafunguliwa, meli zinaingia, linafungwa. Nje kukipwa mpaka miamba inaota jua, ndani meli zinaelea kama hakuna kilichotokea.

Watu wa kule wana kijitabu cha maji. Kila siku imepewa namba kati ya 20 na 120. Ishirini ni maji mafu kabisa, 120 ni bamvua la kuogopwa. Namba ikipita 100 utaona watu wameshika ndoo na reki wanashuka kuokota kome, chaza na kaa. Wanaita uvuvi wa miguu. Kwetu kuokota chaza na kuchokoa pweza tumewaachia akina mama tena tunawadharau. Kule hata daktari wa hospitali utamkuta na mabuti yake, kainama.

Na mdomoni mwa mto Rance, pembeni ya mji, tangu 1966 wameyafunga maji hayohayo yazalishe umeme. Mitambo 24, megawati 240. Juu ya bwawa inapita barabara, magari yanakwenda zao.

Sasa ukuta. Agosti 1944, Wamarekani walipokuwa wanawatoa Wajerumani, kama asilimia 80 ya mji wa ndani iliteketea. Ukuta ndio uliosimama. Zile nyumba za mawe unazoziona pichani ukadhani ni za miaka 300, nyingi zimejengwa upya baada ya vita. Mtalii akiambiwa hivyo hukasirika, anajiona ametapeliwa. Mimi naona kinyume chake. Watu waliopoteza kila kitu walikaa zaidi ya miaka kumi wakiurudisha mji jiwe kwa jiwe, hiyo nayo ni historia.

Pesa za kujenga mji ule mara ya kwanza zilitoka wapi? Kwanza samaki: meli zilikwenda hadi Terre-Neuve, upande wa Kanada, zikae miezi zikivua morue, samaki wakubwa wa bahari ya baridi, na kuwatia chumvi. Jacques Cartier, aliyefika Kanada 1534, ni mtu wa mji huu. Pili, maharamia wa serikali.

#5 Nahodha Mstaafu

Kijana, umeandika vizuri, lakini hapo kwenye "maharamia wa serikali" acha nikusahihishe. Nimekula chumvi ya bahari miaka 31, Le Havre na Marseille nimefunga gati mara nyingi.

Haramia hana karatasi. Yule anayeitwa corsaire alikuwa nayo, barua ya mfalme inayomruhusu kukamata meli za adui wakati wa vita. Akikamata, mali haikuwa yake papo hapo, ilipelekwa mbele ya mahakama ya ngawira. Ikihukumiwa halali ndipo inagawanywa: fungu la mfalme, la wenye chombo, la mabaharia. Na akishikwa yeye, ni mfungwa wa vita, hanyongwi. Kwa hiyo ilikuwa biashara. Matajiri walikaa nchi kavu wakinunua hisa kwenye safari, kama vile leo mtu anavyonunua hisa za benki. Duguay-Trouin wa Saint-Malo alipoiteka Rio de Janeiro mwaka 1711, nyuma yake walikuwapo wenye hisa wanaongoja gawio.

Na Surcouf, corsaire mwingine wa Saint-Malo, yule ambaye sanamu yake inaonyesha kidole baharini, utajiri wake mwingi ameuchuma huku kwetu, Bahari ya Hindi. Oktoba 1800 aliiteka meli ya Waingereza ya biashara ya India, Kent, kwenye Ghuba ya Bengal. Chombo chake, Confiance, kilikuwa kidogo sana ukikiweka ubavuni mwa Kent. Makao yake yalikuwa Isle de France, ndiyo Morisi ya leo.

#6 Mtu wa Kilwa Masoko

Isle de France ikitajwa, sisi watu wa Kilwa hatuwezi kunyamaza.

Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliyekuwa akifanya biashara zake kutokea kisiwa hicho, aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa. Watumwa 1,000 kila mwaka, piastre 20, sarafu za fedha za wakati ule, kwa kichwa. Walikwenda kulima huko Isle de France na Bourbon, ndiyo Réunion. Na gavana aliyeijenga Port Louis kabla ya hapo, La Bourdonnais, kazaliwa Saint-Malo 1699. Sisemi kila jiwe la ukuta huo limelipwa na sisi. Namuuliza Kasa swali moja tu: huko juu ukutani, karibu na huyo anayeonyesha kidole, kuna kibao cha watu wetu?

#7 Kasa wa Tongoni

Nahodha, shikamoo mzee wangu, nimepokea sahihisho. Neno nimelifuta moyoni, kwenye uzi nimeliacha ili jibu lako lieleweke.

Mtu wa Kilwa, nimeuzunguka ukuta ule mara nyingi na kibao cha watu wa Kilwa sijakutana nacho. Nilichokutana nacho ni maduka ya fulana zenye fuvu na mifupa, ushujaa wa Surcouf kwa watoto. Surcouf huyohuyo alisafirisha watumwa. Mtoto hanunuliwi fulana ya hilo.

Lakini nisiseme nchi nzima imefumba macho. Kusini ya Rennes kuna Nantes, mji wa mtoni karibu na mdomo wa Loire, uliotuma meli nyingi za watumwa kuliko bandari yoyote ya Ufaransa. Mwaka 2012 walifungua ukumbusho kandokando ya gati. Unatembea chini kuna vibao vya kioo karibu 2,000, vingi vina jina la meli na mwaka. Halafu majina yenyewe! Kuna meli ya watumwa ya Nantes iliyoitwa Marie-Séraphique, jina la malaika. Ukishasoma majina kama hayo mia moja unatafuta pa kukaa. Kisha unashuka ngazi unaingia kwenye njia ya chini, maji ya Loire yanagonga pembeni, na Loire pale nayo hujaa na hupwa.

Nilikwenda na rafiki yangu wa Réunion. Hatukuongea mpaka tulipofika kituo cha tramu.

#8 Dagaa Kigoma

Mkuu hapo umenikaba koo. Nivusheni kidogo jamani. Walio hai wanakula nini huko? Mimi mtu wa dagaa. Hao wana dagaa?

#9 Kasa wa Tongoni

Dagaa wao ni sardini, na mji wake ni Douarnenez. Hapa mtanivumilia, kwa sababu ningeambiwa nichague mji mmoja tu ningeiacha Saint-Malo na ukuta wake nikaja huku.

Douarnenez ni mji mdogo unaoteremka kwenye ghuba. Nyumba zimebanana, gati linaitwa Rosmeur, ukisimama pale saa za jioni unasikia kamba zinagonga milingoti, ng'e ng'e ng'e. Harufu ya samaki ipo mpaka leo. Kuna keki ya siagi na sukari, kouign-amann, iliyozaliwa hapo. Ukila kipande kimoja utakunywa chai tupu siku mbili.

Wanaume walivua kwa nyavu nyembamba zilizotiwa rangi ya buluu ili sardini asizione majini. Chambo kilikuwa mayai ya morue yaliyotiwa chumvi, yakiletwa kutoka Norwei, ghali, wavuvi wakilia kila mwaka. Lakini kazi iliyolisha mji ilikuwa nchi kavu na ilikuwa ya wanawake. Waliitwa Penn Sardin, kwa lugha yao ya Kibretoni maana yake kichwa cha sardini. Boti zikifika wanaitwa, iwe mchana iwe saa nane ya usiku. Sardini hasubiri. Kata kichwa, tia chumvi, osha, kausha, kaanga kwenye mafuta, panga kwenye kopo. Mabinti waliingia kiwandani hata miaka 12 hawajafika. Usiku waliimba ili wasisinzie, nyimbo za kanisani na nyingine ambazo padri hakuzipenda.

Malipo mwaka 1924 yalikuwa senti 80 za faranga kwa saa. Novemba mwaka huo wakagoma. Walianza wa kiwanda kimoja, baada ya siku chache vyote vimesimama. Watu kama 2,000, wengi wao wanawake, vitambaa vyeupe kichwani, viatu vya mbao miguuni, wakipita barabarani na kuimba "Pemp real a vo": tutapata riali tano, yaani faranga moja na robo. Meya Daniel Le Flanchec, mkomunisti, akaandamana nao. Wenye viwanda wakaleta watu wa kuvunja mgomo. Siku ya mwaka mpya 1925 watu hao wakampiga meya risasi ndani ya mkahawa. Akapona. Lakini baada ya hapo wenye viwanda hawakuwa na uso wa kuendelea. Siku chache mbele, tarehe 6 Januari, wakasaini: faranga moja kwa saa, nyongeza ya usiku na ya saa za ziada, na asifukuzwe mtu kwa kugoma. Siku 46.

Riali tano hawakuzipata. Faranga moja waliipata.

Mwezi Mei 1925 mmoja wao, Joséphine Pencalet, mjane, akachaguliwa diwani. Ufaransa wakati ule mwanamke hakuwa na haki hata ya kupiga kura. Uchaguzi wake ukafutwa mwaka huohuo. Wanawake wa Ufaransa walipewa kura 1944, wakaipiga mara ya kwanza 1945.

#10 Mama Kirumba

Nimesoma hapo kwenye kuitwa saa nane ya usiku nikacheka peke yangu. Huku Mwanza dagaa wanavuliwa mwezi ukiwa giza, kwa taa. Boti zikitua alfajiri huulizwi umelala au hukulala, ukichelewa dagaa amechacha na mvua ikinyesha wakiwa wameanikwa hakuna kitu. Sisi wa kuanika mpaka leo hatujawahi kuandamana. Labda tungekuwa na wimbo.

Mdogo wangu, wewe umesema makopo. Nani aliwafundisha kutia samaki kwenye kopo? Na kwa nini viwanda vingi siku hizi viko Moroko?

#11 Kasa wa Tongoni

Dada, aliyeanza ni Nicolas Appert, Mfaransa, mwanzoni mwa karne ya 19. Alikuwa akitia chakula kwenye chupa za kioo, anaziba, anachemsha. Hakujua habari za vijidudu, alijua tu kwamba hakiozi. Mwaka 1824 Joseph Colin akafungua kiwanda cha sardini Nantes, kwa makopo. Kutoka hapo vikaenea pwani yote ya kusini ya Bretagne.

Halafu bahari ikawageuka. Mwaka 1902 na 1903 sardini hawakuja. Njaa ikaingia miji mizima. Concarneau, mji mwingine wenye ngome katikati ya bandari, wakaanzisha 1905 sherehe ya Nyavu za Buluu kuchangia familia za wavuvi. Mpaka leo inafanyika kila Agosti, ngoma na mavazi, ingawa wachezaji wengi sasa wanafikiri ni sherehe ya kiangazi. Viwanda vikafuata samaki na mishahara ya chini, vikaenda Ureno na Moroko. Vilivyobaki ni vichache. Douarnenez kuna kimoja kilichoanza 1853 kinachofanya kazi bado.

Waliobaki wamegeuza sardini kuwa kitu cha heshima. Kopo linaandikwa mwaka, kama mvinyo. Kuna watu wanaziweka kabatini miaka na kuzigeuza mara kwa mara ili mafuta yawaingie samaki pande zote. Nilinunua moja nikaambiwa nisiifungue kabla ya miaka mitatu. Mkaka wa duka alikuwa hatanii.

#12 Mwana wa Matondoni

Yakhe, uzi mzima umetuonyesha mawe na makopo. Vyombo viko wapi? Sisi Lamu twajua mji wa baharini kwa fundi wake. Je, kuna mtu huko bado ashika patasi na tezo, au wamebaki na picha za ukutani?

#13 Kasa wa Tongoni

Wapo. Babu yangu alikuwa akikalafati majahazi Pangani, kwa hiyo hili nalo lilinigusa. Douarnenez kuna makumbusho ambayo nusu yake imefungwa gatini: vyombo vyenyewe viko majini, unapanda unashuka mpaka ngamani. Nilimkuta fundi anapigilia nyuzi kwenye nyufa za mbao. Nikamuuliza kazi ile inaitwaje. Akasema calfater. Nikamwambia kwetu ni kukalafati. Akaacha nyundo. Neno hilohilo limezunguka na mabaharia, Mediterania na huku kwetu, na sisi wawili tulikuwa tumelirithi kila mtu kwa babu yake. Akanipa nyundo nijaribu. Sikuwa fundi mzuri, babu asingefurahi.

Ukitaka mbao kubwa, toka Bretagne ushuke kusini mpaka Rochefort. Louis wa 14 alijenga pale kiwanda cha meli za kivita kuanzia 1666. Jengo la kusokotea kamba peke yake lina urefu wa mita 374, kwa sababu kamba ya nanga ilisokotwa ikiwa imenyooka, haikunjwi kona. Ukisimama mlango mmoja mtu wa mlango wa pili ni sisimizi. Karibu na hapo mwaka 1997 walianza kuunda upya Hermione, merikebu iliyompeleka Lafayette, ofisa Mfaransa aliyepigania uhuru wa Marekani, huko Marekani mwaka 1780. Wakalipisha kiingilio watu wakiangalia mafundi wanavyochonga, na kiingilio hicho kikawa sehemu ya pesa za kuijenga. Mwaka 2015 ikatweka matanga ikavuka mpaka Marekani. Kufika 2021 wakagundua ukungu unakula mataruma. Ikapandishwa kwenye chelezo huko Bayonne, na matengenezo yake yameshakula pesa mpaka watu wananuniana.

Mafundi wa Matondoni wangewaambia bure: chombo cha mbao kikikaa sana bila safari kinaugua.

#14 Nahodha Mstaafu

Hilo la mwisho ni kweli tupu.

Niongeze mawili kisha nikalale. La kwanza, Lorient. Mji huo ulianzishwa 1666 kwa ajili ya Kampuni ya Ufaransa ya India, ukachukua jina la meli iliyoundwa hapo, Soleil d'Orient. Vita vya pili Wajerumani wakajenga pale banda la nyambizi, zege la paa unene wa mita 7 hivi mahali pengine. Mapema 1943 ndege za Waingereza na Wamarekani zikaupiga mji mpaka ukaisha. Banda halikuanguka. Likatumiwa na nyambizi za Wafaransa wenyewe, na sasa chini ya zege lile wanafunga boti za mashindano ya kuzunguka dunia. Nilipita hapo mara moja. Sijaona jengo baya kama lile, na wenyeji wanajua haliondoki, baruti yake itabomoa na mji.

La pili, hiyo Concarneau mliyoitaja. Wenye meli za jodari za huko walikuja Bahari ya Hindi miaka ya 1980, wakaweka kituo Ushelisheli. Tulipishana nao baharini, meli nyeupe zenye wavu mmoja unaoweza kuzunguka kundi zima la samaki. Wasomali walipozidi kuteka vyombo, mwaka 2009 Ufaransa ikapandisha askari kwenye meli hizo. Kwa hiyo kijana, ukila jodari wa kopo huko Rennes, tazama vizuri nyuma. Huenda ni jirani yako.

#15 Dagaa Kigoma

Nahodha lala salama. Kasa, na wale wanaopotea baharini? Huku ziwani mtu akizama tukamkosa, hatuna hata pa kwenda kulia.

#16 Kasa wa Tongoni

Kuna sehemu ya kuendea. Kaskazini ya Bretagne, karibu na Paimpol, kijiji cha Ploubazlanec. Kati ya 1852 na 1935 watu wa huko walikwenda kila mwaka Iceland kuvua morue, wanaondoka mwezi wa pili, wanarudi mwisho wa kiangazi. Walipotea kama 2,000. Makaburini kuna ukuta wa majina: vibao vya mbao nyeusi, jina la chombo, mwaka, na maneno kwamba kilipotea na watu wote. Baba na wana wawili kwenye kibao kimoja. Juu ya mlima kidogo upande wa bahari kuna msalaba wanauita wa wajane, ambako wanawake walikwenda kuangalia kama kuna tanga linakuja.

Na waokoaji wa pwani yao mpaka leo wengi ni wa kujitolea. Chama chao kiliundwa 1967 kwa kuunganisha viwili vya zamani. Mwokaji mikate, mwalimu, fundi bomba, simu ikilia usiku wanakimbilia boti. Bandari nyingi utaliona banda lao, na kasanduku ka sadaka mlangoni. Mimi baada ya ile siku ya Grand Bé huwa sikipiti bila kutia kitu.

#17 Kahawa Chungu

Jamani mimi ndiye yule wa bei ya tiketi. Bado nangoja.

#18 Kasa wa Tongoni

😂 Mkuu, nauli hubadilika kila siku, angalia mwenyewe, lakini treni za mkoa ni nafuu kuliko zile za mwendo kasi. Saint-Malo na Lorient treni inakushusha mjini. Douarnenez treni ya abiria haifiki, unashuka Quimper unapanda basi. Paimpol treni ipo, ndogo, inapita bondeni kando ya mto, taratibu, kaa dirisha la kuelekea maji.

Usiende Agosti, utabanana na Paris nzima. Nenda mwezi wa tatu au wa tisa, na kabla hujakata tiketi tazama kijitabu cha maji, namba ipite 100. Vaa koti zito. Na ukivuka kwenda Grand Bé, soma bango.

#19 Bi Mwanakheri

Nimesoma hadi mwisho, miwani imenichosha. Mwanangu, lile kopo lako la sardini umeshaligeuza mwaka huu?

#20 Kasa wa Tongoni

Umenikumbusha, bibi. Nimeinuka nikaligeuza sasa hivi. Limebakiza mwaka mmoja na miezi miwili. Likifika nakuja nalo Nungwi, wewe utoe muhogo.